Rakaa Mbili za Jabir

Mawaidha kwa vijana, Tanga, baada ya swala ya Isha

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillah, tunamshukuru Mola aliyetukutanisha usiku huu, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Wazee wangu mliokaa mbele, vijana mliojaza nguzo za nyuma, mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, nawashukuru kwa kubaki. Najua wengine mnarudi Ngamiani kwa miguu, na wengine mpaka Mikanjuni.

Nimeombwa niseme juu ya kusitasita na kumtegemea Mwenyezi Mungu katika mambo yetu ya kila siku, na juu ya istikhara, yaani rakaa mbili na dua ya kumwomba Mola akuchagulie lililo la kheri. Nitaanza na swali ninaloulizwa kuliko maswali yote. Kijana ananifuata nje, pale penye ndala, ananivuta kando: "Ustadh, nimeswali istikhara siku saba, sijaona kitu." Namuuliza, ulitaka kuona nini? Anainama. "Ndoto." Mwengine anasubiri rangi, ati akiota nyeupe au kijani aende, akiota nyeusi akae. Mwengine amemwambia shangazi yake amswalie, kwa kuwa shangazi ndiye anayeota vizuri. Na jambo lenyewe ni fremu ya duka ambayo mwenye nyumba anataka jibu Ijumaa. Ama ni kazi ya Muscat, viza imeshatoka. Ama ni barua ya posa iliyokaa kabatini tangu mfungo sita.

Vijana wangu, siwacheki. Mimi mwenyewe nilikaa humo, na nitawaeleza nilivyokaa na nani aliyeumia. Lakini kwanza tumjue mtu aliyetufikishia hii istikhara, maana tunaisoma dua kila siku na mwenyewe hatumjui.

Ni Jabir bin Abdillah, Allah awe radhi naye, Ansari, yaani mmoja wa wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, wa ukoo wa Banu Salima. Imam Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwake kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Katika mambo yote! Hakusema ndoa na safari tu. Na hadithi inaanza hivi: "Idhaa hamma ahadukum bil-amri", atakapokusudia mmoja wenu jambo, basi na aswali rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha aseme dua.

Tusimame hapo kwenye neno hamma. Maana yake moyo umeshaelemea upande. Umekwenda kuiona fremu, umepiga hesabu ya kodi, umeuliza mtaa unauza nini na haununui nini, moyo umesema naam, hapa. Hapo ndipo unapoambiwa uswali. Istikhara haikuwekwa kwa mtu aliyelala chali akingoja ghaibu imfikirie. Na dua yenyewe isikilizeni: "Ewe Mola, ikiwa wajua kwamba jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa jambo langu, basi nikadirie, na unisahilishie, kisha unibarikie ndani yake. Na ikiwa wajua kwamba jambo hili ni shari kwangu, basi liepushe nami na uniepushe nalo, na unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo." Ndoto iko wapi hapo? Rangi iko wapi? Hakuna mahali unapomwambia Mola, nionyeshe. Unamwambia, wewe unajua nami sijui, basi lisahilishe au liepushe. Ukishasema hivyo, unainuka na kulifuata jambo. Likisahilika, unakwenda. Likizuilika, umeepushwa. Jibu utalikuta njiani, na njiani hafiki mtu aliyekaa.

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na azlamu, mishale ya kupigia kura. Mtu akitaka safari au ndoa anakwenda kwa mtunza mishale. Mmoja umeandikwa "Mola wangu ameniamrisha", mmoja "Mola wangu amenikataza", na mmoja mtupu, ukitoka huo unachomoa tena. Qur'ani imeuharamisha mchezo huo katika Suratul Maida. Mnaona walichokuwa wakitafuta? Walitaka mti uwaamulie, ili likiharibika mlaumiwa awe mshale. Na sisi watu wa pwani tusijifanye hatuyajui hayo. Kupiga ramli, kupiga bao, kutazamiwa nyota, kufungua kitabu kwa mwalimu fulani kabla ya kutoa posa, yote hayo yalikuwa milangoni petu na bado yapo. Mola akatupa badala yake rakaa mbili na dua. Basi anayeigeuza istikhara kuwa ramli ya halali, anakodolea macho usingizi wake kama yule aliyekodolea macho mshale, amerudi kulekule alikotolewa.

Sasa maisha ya Jabir. Mwaka wa 3 Hijria, mwezi wa Shawwal, Makureshi wa Makka walikuja Madina na watu wapata 3,000, ndivyo vita vya Uhud. Mtume aliona bora wabaki mjini wajilinde humo. Vijana ambao hawakuwahi vita vya Badri vilivyotangulia wakasema tutoke, tusionekane waoga. Wakashauriana, rai ya kutoka ikawa na nguvu, Mtume akaingia nyumbani, akatoka amevaa deraa, vazi la chuma la vita. Wale vijana wakaanza kujuta: tumemlazimisha Mtume wa Mungu. Wakamwambia, ukitaka tubaki. Akawajibu kwamba haimpasi Nabii akishavaa deraa kuivua mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu.

Wakatoka watu kama 1,000. Njiani Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki wa Madina, akarudi na kiasi cha 300, ati rai yake haikufuatwa. Na koo mbili za waumini nazo zikayumba, zikakaribia kurudi nyuma: Banu Haritha na Banu Salima, ukoo wa Jabir. Jambo hili limo katika Qur'ani, Suratu Aal Imran aya ya 122: makundi mawili miongoni mwenu yalipokusudia kuvunjika moyo, na Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi wao. Neno ni lilelile, hammat, sawa na la istikhara. Nyoyo zao zilielemea upande wa kurudi. Na Mola wao, badala ya kuwatupa, alisema mimi ni mlinzi wao, kisha akaongeza: na waumini wamtegemee Mwenyezi Mungu. Jabir alikuwa akisema aya hii imeteremka kwetu sisi, wala nisingependa isingeteremka, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amesema humo "na Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi wao". Mtu anapenda aya inayotaja udhaifu wa ukoo wake! Ewe uliyekuja hapa usiku huu na moyo unaopepea kama tanga lisilofungwa, aya yako ni hii. Kusitasita hakujakutoa kwa Mola wako.

Jabir mwenyewe hakuwako Uhud. Baba yake, Abdullah bin Amr bin Haram, alimbakisha nyumbani na dada zake, wapo wanaopokea saba, wapo wanaopokea tisa. Baba akaenda, akafa shahidi pamoja na Waislamu wapata 70, akiwemo Hamza, ami yake Mtume. Akamwachia kijana wake dada wote hao na deni la tende.

Muwaze kijana huyo. Nyumba imejaa wasichana, wadai mlangoni, baba yuko kaburini Uhud. Leo tungemwambia ngoja, usioe, usifanye lolote mpaka hali itulie. Yeye akaoa, na akamuoa mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, wala si msichana. Mtume akamuuliza, mbona hukuoa bikira mkacheza naye? Akajibu kwamba baba yangu amekufa ameacha mabinti, nikachukia kuwaletea msichana mfano wao, nikataka mwanamke atakayewasimamia na kuwachana nywele. Mtume akampa baraka. Tazameni uamuzi mkubwa wa maisha ulivyokatwa: kwa vichwa vya wasichana vinavyohitaji kuchanwa. Hakusema niliota. Alitazama amana iliyo mbele yake, akaamua.

Na deni? Wadai walikataa kupunguza. Mtume akamwambia Jabir aende akapange tende zake, kila aina upande wake, ajwa peke yake na nyengine peke yake, kisha amtumie habari. Jabir akatenga, akapanga mafungu. Mtume akaja, akaomba baraka, wadai wakapimiwa, likalipwa deni lote na tende zikabaki. Muujiza ni wa Mwenyezi Mungu, hatuna shaka. Lakini mafungu aliyapanga Jabir kwa mikono yake.

Nami sasa niseme langu.

Baba yetu alipofariki mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikawa walii wa dada zangu, yaani msimamizi wa kuwaoza. Miaka 12 iliyopita ikaja posa ya mdogo wangu wa pili. Kijana ana dini, ana kazi ya fundi umeme, wazazi wake watu wa heri. Niliuliza msikitini kwake, nikauliza kazini, sikusikia baya. Dada yangu alikubali. Nikasema nitaswali istikhara. Nikaswali, nikangoja. Nikaswali tena, nikangoja. Kila wazee wao wakituma mtu, jibu langu moja: bado naomba kwa Mungu, msiwe na haraka. Mnalijua neno hilo lilivyo. Ukishalisema hakuna anayethubutu kukubishia, nani atakwambia acha kumwomba Mungu? Nilijificha nyuma ya jina la Mwenyezi Mungu miezi minane.

Nilichokuwa nacho kilikuwa hofu. Niliogopa ndoa ikiharibika watu watasema, baba yao angelikuwa hai asingemwoza pale. Nilitaka hakikisho ambalo Mola hakumpa hata Nabii. Mwezi wa tisa wazee wa kijana wakaja, wakasema kwa adabu kabisa kwamba mtoto wao amepata kwengine.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa uani amekalia mbuzi ya nazi, ungo mapajani, anapembua mchele. Nikamwambia. Hakuinua kichwa. Akaendelea kutoa chuya moja moja, anaweka pembeni ya ungo, mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema: "Kaka, ningeambiwa la, ningelia siku tatu nikanyamaza. Wewe umeniambia ngoja." Akapepeta, akaingia ndani kuinjika chungu.

Alhamdulillah leo ana mume mwema na watoto, lakini sisemi hivyo ili mwone kuchelewa kwangu kulikuwa na heri iliyofichika. Heri ni ya Mola wangu, dhuluma ni yangu. Nilimwomba radhi. Akanisamehe, na yeye ndiye aliyeniambia niyaseme haya mbele yenu, yuko nyuma ya pazia hilo pamoja na mama.

Baada ya hapo nilirudi kuisoma Aal Imran kwa jicho jengine, mpaka nikafika aya ya 159. Kumbukeni imeteremka wakati gani. Vita vimekwisha, watu 70 wamezikwa. Wapiga mishale 50 waliowekwa mlimani, wengi wao waliacha mahali pao, ndipo msiba ukaingia. Mtume mwenyewe amejeruhiwa uso. Na rai ya kutoka mjini ilitoka katika mashauriano. Sisi tungesema basi, kushauriana kumeshindwa, watu hawa wasiulizwe tena. Mola akamwambia Mtume wake: wasamehe, na uwaombee maghfira, na ushauriane nao katika mambo. Na ukishaazimia, mtegemee Mwenyezi Mungu. Hakika Mwenyezi Mungu huwapenda wanaomtegemea.

Aya ya kutegemea haikuja siku ya ushindi. Ilikuja kwa watu walioamua wakaumia, na ikawarudisha kwenye kuamua. Hilo ndilo lililonivunja. Mimi nilidhani tawakkul, huko kumtegemea Mola, ni ule utulivu unaokuja kwanza, ukiupata ndipo uamue. Qur'ani imepanga vingine: shauri, kisha azma, kisha tawakkul. "Fa idhaa azamta", ukishaazimia. Ukingoja kutegemea kuje kabla ya kuazimia, utangoja mpaka mchele uchelewe jikoni na watu walale na njaa.

Niwape mfano wa kwetu, kwa kuwa hapa wako watoto wa mabaharia. Baba yangu, Allah amrehemu, alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia mizigo baina ya hapa na Pemba. Nikiwa mdogo alinichukua mara kadhaa. Kabla ya alfajiri anashuka ngamani, chini kabisa tumboni mwa jahazi, na kandili kuona maji yameingia kiasi gani. Anashika henza, kamba ya kupandishia tanga, anaivuta kwa uzito wake wote. Anatazama foromali, ule mti unaoshika tanga, anatazama mawingu upande wa bara, anamuuliza mzee mmoja baharia, "Waonaje?" Umande ukianza kuvuma kutoka nchi kavu, anasema ng'oeni. Na nanga inapoachana na mchanga, hapo ndipo anaposoma, kwa sauti ya chini, maneno ya Nabii Nuhu katika Surat Hud: "Bismillahi majraaha wa mursaaha", kwa jina la Mwenyezi Mungu kwenda kwake na kutia nanga kwake. Sikumsikia akiyasoma ngamani. Aliyasoma wakati jahazi limeshaanza kwenda, hakuna tena cha kufunga. Na Nuhu mwenyewe, Qur'ani inatwambia jahazi lake lilikuwa la mbao na misumari.

Wazee wetu wana msemo, jitihada haiondoi kudura. Ni kweli. Ila mimi naona siku hizi tunausema kabla ya jitihada, nao ulikusudiwa usemwe baadaye, kumpoza mtu aliyekwisha kufanya lake.

Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa akielekea nchi ya Sham akapata habari ya tauni, aliwaita Muhajirina, wale waliohama kutoka Makka, akawauliza, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, vilevile. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakasema rudi. Akaazimia kurudi. Sahaba Abu Ubaida akamwambia, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akasema naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Baada ya hapo ndipo akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo, akasema nina ilimu ya jambo hili, nilimsikia Mtume akisema mkisikia tauni iko nchi fulani msiiendee. Umar akamhimidi Mola. Hadithi iliyothibitisha uamuzi wake ilimkuta ameshaamua.

Niseme na hili kwa ufupi, kwa kuwa limeniudhi wiki hii. Kuna kijana amenambia anaswali istikhara achukue mkopo wa riba au asichukue. Mwanangu, hilo limeshajibiwa miaka 1,400 iliyopita, usimwulize Mola jambo alilokukataza kama kwamba huenda atabadilisha kwa ajili yako. Na kumsaidia mama, kulipa deni, kuswali Alfajiri, hayo nayo hayana istikhara. Istikhara ni ya mambo ya halali uliyopewa uchague. Nayo ni mengi mno, ndiyo maana Jabir akasema "katika mambo yote".

Na ukiamua kisha moyo ukarudi usiku kukuuliza, je ungechagua ile nyengine? Dua imekwisha kukupa neno la mwisho: "kisha uniridhishe nayo." Watu wengi hulimeza hilo wakikimbilia kumaliza. Lisome taratibu. Unaomba mambo mawili, heri yenyewe, na moyo wa kuridhika nayo. Mimi naamini wanaosumbuka sana baada ya kuamua wameomba la kwanza na kulisahau la pili. Usiku ule moyo unapokurudia, usianze hesabu upya. Omba hilo moja, kisha ulale.

Saa inakaribia tatu, sitawaweka zaidi. Wapo humu ambao nawajua wana jambo linalongoja jibu, na yupo mmoja mwenye barua ya watu mfukoni tangu Jumapili, aliniambia mwenyewe. Nitakaa pale nguzo ya pili, upande wa mihrabu. Mzee wetu mwenye duka la nguo amekubali kukaa nami kwa mambo ya biashara, maana huko ananishinda mbali, na dada yangu amesema dada zetu wamfuate yeye na mama palepale walipo. Njooni tushauriane kwanza. Udhu bado tunao, na rakaa mbili hazichukui muda.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.